Kompyuta ilipokataa kuiona hadi diski yake

Ilikuwa Jumatano asubuhi, msimu wa kusi. Usiku wake umeme ulikuwa umekatika hapa Lamu, si jambo geni. Nikafungua duka langu la kuchapisha kule Langoni, nikawasha kompyuta, ikanipa kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza: hakuna kifaa cha kuwakia, bonyeza kitufe chochote. Nikabonyeza. Maandishi yale yale. Nilibonyeza mara sita hivi, kama anayempigia simu mdaiwa wake.

Ndani ya hadi diski (hard disk) ile, ghala la kompyuta, kulikuwa na kazi za miaka minne, na kadi za harusi ya Ijumaa ambazo baba wa bibi arusi alishazilipia nusu. Fundi niliyempigia hakuuliza hata swali moja. "Hiyo imekufa, nunua nyingine." Diski mpya ningenunua, lakini kadi za watu ningezitoa wapi?

Nikazima, nikawasha tena huku nikigonga F2 mpaka BIOS ikafunguka, ile programu ndogo ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) inayoamka kabla ya Windows. Kwenye mashine nyingine kitufe huwa ni Delete au F10. Wengi hupapita hapa wakakimbilia kuweka Windows upya, na ni kazi bure. Katika orodha ya vifaa, DVD ilikuwepo. Mahali pa hadi diski palikuwa patupu. Basi Windows ilikuwa haina kosa, haikuwa hata imefikiwa. Lingekuwepo jina la diski, ningeanza na mpangilio wa kipi kiwake kwanza. Pale juu saa ilionyesha Januari 1, 2010. Nikacheka, nikaipuuza. Kicheko hicho kilinigharimu nusu siku.

Nikachomoa umeme, nikafungua ubavu wa kasha, nikashika chuma chake kwanza ili nisiirushie cheche ya mwilini. Diski ya SATA, aina ya muunganisho kama huu wangu, ina kebo mbili: ya umeme, pana, pini 15, na ya data, nyembamba, pini 7. Niliposhindilia zote na kuwasha, nikaweka kidole juu ya diski. Ikatetemeka taratibu, kama paka aliyeshiba. Haikuwa na ile ta-ta-ta ya kichwa kinachogonga, ambayo ukiisikia zima haraka, kila dakika inazidi kuharibu. Umeme unafika, diski inazunguka, lakini haisikiki. Nikazima, nikaazima kebo ya data ya DVD nikaichomeka kwenye diski. BIOS ikaandika jina lake hapo hapo.

Kebo ya zamani nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Vile vibati vya mdomoni vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Dirisha langu linatazama bahari, na kusi haileti upepo mtupu. Jirani yangu mzee, fundi wa mashua, akainama akatazama.

"Chumvi hiyo, mwanangu. Hupenya penye maungio."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Ipake sifa."

Sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka mashua, kwenye kompyuta! Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilisugua vibati vya diski kidogo kwa raba ya penseli, nikavipangusa kwa spiriti, nikaacha vikauke.

Nikawasha. Nembo ya Windows ikatokea, kioo kikageuka buluu, ikajizima na kuanza upya. Mara ya pili, vile vile. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile Januari 2010. Betri ya mazabodi, ile duara kama sarafu, CR2032, inatakiwa kuwa na volti 3. Mita yangu ilisoma 1.4. Ikifa, umeme ukikatika BIOS husahau kila kitu ulichoipangia. Yangu ilikuwa imesahau kwamba diski inasomwa kwa mtindo wa AHCI, ikarudi kwenye ule wa kale wa IDE, na Windows iliyowekwa kwa mtindo mmoja aghalabu haiwaki kwa mwingine. Maradhi mawili, mwili mmoja, na moja lilikuwa limejificha nyuma ya jingine.

Betri niliipata kwa fundi wa saa, hatua chache tu kutoka dukani. Nikaichomeka, nikarekebisha tarehe, nikarudisha AHCI, nikahifadhi. Ikawaka.

Sikugusa kazi yoyote kabla ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, na hiyo ilichukua hadi magharibi. Kisha nikaitazama afya ya diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo: haikuwa na sekta mbovu, yaani kipande cha kuhifadhia kilichoharibika, hata moja. Kadi zilitoka Alhamisi usiku, wino haujakauka vizuri baba wa bibi arusi akawa mlangoni. Nikapokea nusu yangu iliyobaki.

DVD mpaka leo haina kebo. Hakuna aliyewahi kuiulizia.