Ikama kwanza, kozi baadaye: kuendesha skuli ya biashara Nyanda za Juu Kusini

Mtu akiteuliwa kuongoza skuli ya biashara Mbeya au Iringa, kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni mpango mkakati wa miaka mitano, umechapwa vizuri, una dira, dhima na malengo. Asichokabidhiwa, na ndicho kitakachomnyima usingizi, ni jedwali la saa za wahadhiri. Alitengeneze mwenyewe, wiki ya kwanza, kabla hajaitisha kikao chochote cha mkakati.

Jedwali lenyewe halina utaalamu mkubwa. Jina la mhadhiri, cheo, kozi zake, idadi ya wanafunzi, saa za mhadhara, makundi ya semina, karatasi za kusahihisha, tasnifu anazosimamia. Tuchukue kozi moja, Kanuni za Uhasibu ya mwaka wa kwanza, yenye wanafunzi 240. Ratiba inasema mhadhara ni saa mbili kwa wiki na semina saa moja, kwa hiyo kwenye makaratasi mzigo ni saa tatu. Lakini ukumbi unabeba watu 120, basi mhadhara unafundishwa mara mbili: saa nne. Semina ikiwa ya watu 30, makundi ni manane: saa nane. Tayari ni saa 12 kwa wiki. Majaribio mawili ya darasani, dakika nane kwa kila karatasi, yanakula saa 64. Mtihani wa mwisho, dakika 15 kwa kila kijitabu, saa 60. Kusahihisha peke yake ni saa 124, yaani wiki tatu nzima za kazi, kwa kozi moja, na mhadhiri huyo huyo ana kozi nyingine mbili.

Hapo ndipo mambo huharibikia. Alama zikichelewa, bodi ya mitihani ya idara inaahirishwa, seneti ya chuo inapokea matokeo nusu, ratiba ya sapu (mitihani ya marudio) inasogea, na mwanafunzi anayeendelea anakaa bila fedha kwa sababu Bodi ya Mikopo inasubiri matokeo yake. Malalamiko yanafika kwa mkuu wa skuli kama tatizo la nidhamu ya wahadhiri. Mara nyingi si nidhamu, ni hesabu ambayo haikufanywa mwezi Agosti. Dawa za haraka zipo: jaribio moja libadilishwe kuwa kazi ya kikundi ya watu watano (karatasi 240 zinakuwa 48), semina zigawiwe kwa wakufunzi wasaidizi (TA) wanaolipwa na kusimamiwa ipasavyo, na maswali ya kuchagua yatumike kwa sehemu tu ya mtihani. Nasema sehemu tu kwa sababu mhasibu aliyefunzwa kwa kuchagua A, B au C atakuja kushindwa kufunga hesabu za kiosko.

Baada ya jedwali, fungua ikama. Kwenye chuo cha umma, ikama ndiyo inayosema una nafasi ngapi na ngapi zimejazwa. Tatizo lake ni kwamba mhadhiri aliyeko masomoni anahesabiwa kuwa yupo. Idara inaweza kuonyesha watu 12 kwenye ikama huku darasani wakiwa saba: watatu wako kwenye uzamivu, mmoja uzamili, mmoja ameazimwa ofisi ya utawala. Ukiomba nafasi mpya unajibiwa kwamba idara yako imejaa. Kwa hiyo kila idara iwe na mpango wa masomo wa miaka mitano wenye majina, mwaka wa kuondoka na mwaka wa kurudi, na usiruhusu zaidi ya mmoja kati ya watano kuwa nje kwa wakati mmoja. Utachukiwa na vijana, hasa wenye ufadhili mkononi. Lakini bila kanuni hiyo anayebaki anabeba kozi tano, hachapishi kitu, hapandi cheo, naye anaanza kutafuta pa kwenda.

Vyuo vya binafsi na vya madhehebu, ambavyo Iringa na Mbeya havikosekani, haviko chini ya utaratibu huo wa ikama na vibali vya ajira vya serikali. Huajiri haraka zaidi. Kinachowabana ni ada: mshahara wa Machi unategemea wanafunzi waliolipa Februari.

Kuna uhaba mwingine usioonekana kwenye ikama, nao ni wa fani. Wenye uzamili wa masoko na utawala wa biashara unawapata. Mtu wa kodi, ukaguzi au sayansi ya bima anayekidhi wastani wa ufaulu (GPA) wa muundo wa utumishi na yuko tayari kuhamia Mbeya ni kazi kumpata, maana mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, analipwa vizuri kwingine. Njia ya kawaida ni wahadhiri wa muda kutoka mabenki, halmashauri na ofisi za ukaguzi. Ni watu wazuri ukiwatumia vizuri. Usimpe mtu wa benki kozi ya msingi ya wanafunzi 240. Mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka wa hesabu hutamwona, na karatasi zake hutazipata. Mpe vipindi sita vya Jumamosi ndani ya kozi ya mhadhiri wa kudumu, afundishe tathmini ya mkopo au ukaguzi wa ghala kama anavyoufanya kazini. Mkataba wake usainiwe kabla semesta haijaanza, uandike idadi ya vipindi, nani anatunga maswali, na alama zinaingizwa kwenye mfumo tarehe ngapi. Malipo yafuate alama, si mahudhurio.

Sasa kozi mpya. Kosa kubwa la skuli zetu ni kuanza na jina la shahada. Mtu anarudi kutoka warsha na jina tamu, kamati inaundwa, mtaala unaandikwa, kisha ndipo linaulizwa swali la nani atafundisha. Geuza. Anza na tarehe ya mwanafunzi wa kwanza kuingia darasani, urudi nyuma.

Tuseme unataka wapya wa Novemba 2028. Dirisha la udahili hufunguliwa katikati ya mwaka, na programu isiyokuwemo kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) haipokei mtu. Kwa hiyo ithibati iwe mkononi kabla ya Mei 2028. TCU hupeleka mtaala kwa wataalamu wa nje, nao hurudi na hoja za kujibu. Jipe miezi minane, maana yake maombi yaingie kwenye mfumo Septemba 2027. Kabla ya hapo kuna bodi ya idara, bodi ya skuli, kamati ya seneti na seneti yenyewe, ambayo haikutani kila mwezi. Ukikosa kikao kimoja umepoteza robo mwaka. Utafiti wa mahitaji, ufuatiliaji wa wahitimu na mkutano wa wadau vinakula miezi minne hadi sita. Unaanza mwishoni mwa 2026.

Na watu? Mwaka wa fedha huanza Julai, maombi ya ikama huandaliwa miezi mingi kabla. Ukitaka mhadhiri awepo Novemba 2028, nafasi yake iingie kwenye bajeti ya 2027/28, siyo 2028/29, kwa sababu baada ya bajeti kuna kibali cha ajira, kisha tangazo la Sekretarieti ya Ajira, usaili wa kuandika, wa mahojiano, na kupangiwa kituo. Wengi huomba nafasi baada ya ithibati kutoka. Ndiyo maana programu nyingi mpya huanza na mratibu mmoja na wahadhiri wa kuazima.

Mtaala wenyewe una hesabu zake. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza kwa mwanafunzi, na mwaka mmoja ni krediti 120, hivyo shahada ya miaka mitatu ni 360. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 kwa jumla: mhadhara, semina, kazi za nyumbani, kujisomea, mitihani. Saa hizo zipangwe kweli, zisinakiliwe kutoka mtaala wa jirani. Ukipanga saa 50 za kujisomea, maktaba iwe na kitu cha kusoma na intaneti iwepo hosteli.

Mwaka wa kwanza uwe wa pamoja kwa shahada zote za skuli kadiri inavyowezekana: uhasibu, uchumi, takwimu, sheria ya biashara, mawasiliano. Hapo gharama ya nyongeza ni ndogo, na hapo ndipo wakuu wengi hudanganyika. Tuseme ada ni 1,200,000 na wamekuja 30: shilingi milioni 36, na wote wanakaa kwenye madarasa yaliyokuwepo. Programu inaonekana inalipa. Mwaka wa tatu wamebaki 22, kwa sababu wengine wamedisko (wamefeli na kuondolewa chuoni) au wamehama, wanaleta milioni 26.4, lakini sasa wana kozi nane za kwao peke yao zinazohitaji mhadhiri, chumba na mtahini wa nje. Piga hesabu ya mwaka wa tatu kabla ya kupeleka kitu seneti. Isipolipa, ifanye kuwa mkondo wa kozi nne ndani ya shahada iliyopo.

Kwenye mahitaji ya soko, usiishie kuwaalika mameneja wa benki kwenye ukumbi wenye chai. Uchumi wa kanda hii uko kwenye vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vya kahawa Mbozi, viwanda vya mbao Mafinga, chai na parachichi Rungwe na Njombe, mpunga wa Usangu na Kyela, wenye maduka wa Mwanjelwa na mawakala wa forodha Tunduma. Waulize walimfukuza nani na kwa nini. Jibu hilo lina faida kuliko dodoso la kurasa kumi. Kisha liandike kama tokeo la kujifunza linaloweza kupimwa. "Mwanafunzi ataelewa uhasibu wa ushirika" haipimiki. "Mwanafunzi ataandaa taarifa ya mapato na matumizi ya AMCOS kutoka kwenye stakabadhi za mapokezi ya kahawa, daftari la makato ya pembejeo na hati ya malipo ya mnada" inapimika: mpe fungu la karatasi, nusu zimechafuka, mbili hazina tarehe, mpe saa tatu. Akimaliza, hoja za wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, hazitamshangaza. Mafunzo kwa vitendo nayo yakiwekwa Julai hadi Septemba yanaangukia msimu wa kahawa, wakati mhasibu wa chama anahitaji mkono wa pili kweli.

Programu za uhasibu na ununuzi zipelekwe pia kwenye bodi za taaluma, NBAA ya wahasibu na PSPTB ya ununuzi na ugavi, mapema, rasimu ikiwa bado rasimu. Mhitimu anayekosa msamaha wa masomo ya bodi kwa sababu mada mbili hazikuwemo hatakusamehe, na wadogo zake hawatakuja.

MBA ya jioni ina soko Mbeya mjini. Kwa wanaotoka Tunduma haifai. Kilomita zinazidi mia na foleni ya malori haina ratiba. Hao wapangie Ijumaa jioni hadi Jumapili, mara mbili kwa mwezi. Ila hesabu wasimamizi wa tasnifu kwanza: wenye uzamivu wanne, kila mmoja wanafunzi watano, basi udahili ni 20, hata kama maombi ni 70.

Na programu isiyopata watu? Isimamishwe udahili kwa barua ya seneti na TCU ijulishwe. Kusimamisha udahili hakusimamishi kufundisha. Aliyeahirisha mwaka, mwenye sapu, aliyebeba kozi aliyofeli, wote wana haki ya kumaliza kwenye mtaala waliodahiliwa nao. Orodha yao ya majina ikae kwa mratibu, ipitiwe kila semesta, na kozi zao zibaki kwenye jedwali la saa za wahadhiri hadi wa mwisho atakapohitimu.