Penseli Pembeni mwa Neptuni

"Mama, mbona hapa pamekwaruzwa?"

Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kile kitabu changu cha sayari kimefunguka mbele yake, kidole kikipita juu ya karatasi huku na huku kama anayepapasa kovu. Sikuhitaji kuinama kutazama. Nilijua ni ukurasa gani, nikajua ni mstari gani, na kwa muda nikakosa la kumjibu.

Ni ukurasa wa Neptuni. Na aliyekwaruza ni mimi.

Nilikuwa na miaka 10. Kitabu kilikuwa cha maktaba, kimechapishwa 1984, jalada lake limeshaanza kuachana na mgongo. Kingine cha sayari hakikuwepo, kwa hiyo anga lote nililolijua lilikuwa lile lililomo humo. Humo ndimo nilimojua kwamba Zuhura ina joto la kuyeyusha risasi, ingawa si yenyewe iliyo karibu zaidi na Jua, kwa sababu hewa yake nzito ya kaboni dayoksaidi ikishapokea joto hailiachii. Humo ndimo nilimosoma kwamba Zohali, pamoja na ukubwa wake wote, ingeelea majini kama ingepatikana bahari ya kuitosha. Sayari ya kwanza kitabu kiliiita Zebaki, nami nilikuwa nimeshasikia mahali pengine habari za Utaridi, nikawa nahesabu sayari kumi hadi mwalimu mmoja aliponieleza kuwa ni ile ile moja, ina majina mawili.

Lakini niliyoipenda kuliko zote ni Neptuni, kwa sababu ilijulikana kwanza kwenye karatasi. Uranus ilikuwa ikionekana kupotoka kidogo kwenye njia iliyotarajiwa, kana kwamba kuna kitu kinaivuta kutoka gizani. Mfaransa Urbain Le Verrier akakaa na hesabu zake, akakokotoa kitu hicho kiko wapi, akaandika barua kwenda Berlin. Usiku wa Septemba 23, 1846, Johann Galle akaelekeza darubini alikoambiwa, na sayari ikawa pale, chini ya digrii 1 kutoka mahali palipokokotolewa. Nilikuwa sijawahi kusikia habari ya mtu kuona kitu kwa hesabu kabla hakijaonwa kwa macho. Mpaka leo nikiisimulia, sauti yangu hubadilika.

Picha ya Neptuni haikuwepo. Palikuwa na mchoro tu, duara la kijani lililopauka, halina doa wala wingu. Chini ya mchoro ndipo palipokuwa na ile sentensi iliyosema Neptuni ina miezi 2, Triton na Nereid.

Ile 2 ilikuwa imepigwa mstari wa mshazari kwa penseli. Juu yake, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima, mtu alikuwa ameandika 8. Na ukingoni mwa ukurasa: *Voyager 2, Ag. 1989.*

Naikumbuka dakika ile kuliko siku nyingi kubwa za maisha yangu. Nilirudia kuisoma sentensi. Nilisogeza kitabu karibu na dirisha. Herufi zilizochapwa zilikuwa nyeusi, zimenyooka, zimefanana na wenzake wote wa ukurasa mzima, na penseli ilikuwa ya kijivu, ina mtetemo wa mkono wa mtu. Mimi nilikuwa nimelelewa kwamba kitabu hakiandikwi. Kitabu hunawiwa mikono, hakikunjwi pembe, hakilazwi kikiwa wazi. Na kikisema 2, ni 2. Nani huyu, nilijiuliza, aliyejipa ruhusa ya kukisahihisha kitabu?

Nikatoa raba kwenye mkoba.

Nilianza na ile 8. Duara la juu lilitoka upesi, likaacha chembe za kijivu zilizonata kidoleni. Duara la chini likagoma kidogo, likatoka. Nikaenda ukingoni nikafuta Voyager, nikafuta tarehe. Uliobaki ni mstari wa mshazari, na huo mwandishi alikuwa ameubonyeza kwa nguvu. Nilisugua mpaka karatasi ikaanza kutoa nyuzi kama pamba, na wino wa ile 2 nao ukapauka pamoja na mstari. Hapo ndipo niliposhtuka nikaacha. Nikapuliza chembe, nikalainisha karatasi kwa ukucha, nikafunga kitabu. Moyoni nilijiona nimekitetea.

Yaliyofuata yalipita haraka. Nilikiazima tena na tena, mkutubi akawa akiniona mlangoni tu anakitoa. Kila nilipofika ukurasa ule nililiona lile kwaruzo. Nililichukulia kuwa kosa la yule aliyeanza.

Miaka miwili baadaye kikaja kitabu kipya rafuni. Nilikifungua palepale nimesimama, nikaenda moja kwa moja Neptuni, na sikukuta mchoro. Nilikuta picha. Duara la buluu iliyokolea, lina mawingu meupe membamba na doa kubwa jeusi lililokaribia upana wa Dunia. Chombo cha Voyager 2, kilichorushwa Agosti 20, 1977, kilisafiri miaka 12 hadi kikapita kilomita zipatazo 4,950 juu ya mawingu ya ncha yake ya kaskazini, Agosti 25, 1989. Kikakuta upepo unaokimbia kilomita zipatazo 2,000 kwa saa. Kikakuta pete. Kikakuta Triton, mahali baridi kupindukia, panaporusha mifoko ya gesi ya naitrojeni. Na miezi mipya 6, juu ya ile 2 ya zamani.

Nane.

Nilirudisha kitabu kipya rafuni, nikachukua kile cha zamani, nikakiinamisha kwenye mwanga mpaka uso wangu ukakaribia kugusa karatasi. Ukingoni penseli ilikuwa imetoka, lakini mfereji wake ulikuwepo bado. Ukitazama kwa upande unausoma: 1989. Kuna mtu, nilielewa wakati ule, aliyezipata habari hizi, akaja mpaka kwenye rafu hii, akatafuta ukurasa huu, akasahihisha tarakimu moja kwa ajili ya mtoto atakayekuja baada yake. Mtoto aliyekuja alikuwa mimi. Sikuwahi kumjua ni nani. Sikuwahi kupata wa kumwomba radhi, na hilo lilinikaa kifuani muda mrefu kuliko mtu mzima angeweza kudhani.

Maktaba ilipopunguza vitabu vikuukuu, niliomba nipewe hiki. Kile kipya sikukiomba. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini, maana kile ndicho kilichokuwa sahihi.

Au nilidhani hivyo. Mwaka 1994, darubini ya anga ya Hubble ilipoitazama Neptuni, lile doa jeusi halikuwepo tena. Kwa hiyo siku niliyosimama pale rafuni nikilishangaa, lilikuwa limeshatoweka, na kitabu kipya kilikuwa kinanionyesha kitu kisichokuwepo. Halafu ikaja Januari 2024. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaonyesha kwamba ile buluu ya kina kwenye picha za Voyager ilitokana na kuongezwa ukolevu ili mawingu yaonekane vizuri, na kwamba rangi halisi ya Neptuni ni buluu ya kijani iliyopauka, inayokaribiana sana na ya Uranus. Nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikaenda kabatini. Nikafungua ule mchoro wa 1984 nilioupuuza kwa miaka yote hiyo. Duara lililopauka. Mchoraji ambaye hakuwa na picha hata moja ya karibu alikuwa ameikaribia rangi kuliko picha niliyoiamini.

Sasa mtu anajifunza nini hapo? Nimejaribu kujibu mara nyingi na kila jibu linanitoka mkononi. Siwezi kusema nisiamini vitabu, kwa sababu vyote nivijuavyo kuhusu anga vimetoka vitabuni, hata habari ya vitabu kukosea. Labda ni kwamba kitabu cha sayari kina tarehe kama barua ilivyo na tarehe, na mimi nilikuwa nakisoma kama kitu kisicho na tarehe. Lakini hata hilo silisemi kwa uhakika. Agosti 24, 2006, wanaastronomia walipopiga kura kule Prague kwamba Pluto isihesabiwe tena miongoni mwa sayari kuu, mimi mwenyewe nilichukua kitabu na penseli, nikafungua ukurasa wa mwisho wa sayari, nikakaa nao. Nikakifunga bila kuandika kitu.

Haya yote nilimweleza binti yangu, si kwa mpangilio huu. Alisikiliza, kidole bado kiko kwenye kovu.

"Kwa hiyo ni 8?"

"Ilikuwa 8. Baadaye waliona mingine. Mwaka 2024 ilitangazwa miwili mipya, ikawa 16."

"Na bado kitabu chako kinasema 2."

"Bado."

Alinitazama kwa muda, akainuka akaleta penseli. Hakuniuliza kama inaruhusiwa, nami sikumwambia kitu, ila mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ukingo wa kitabu kukishikilia kisiteleze. Akaweka ncha ya penseli juu ya ile 2.

"Si hapo, mwanangu. Andika pembeni. Hapo karatasi imekonda, haibebi tena."

Akaandika 16 ukingoni, karibu na ule mfereji, ulimi umetokeza kidogo kwa umakini. Nikamwambia aweke na mwaka. Akaweka. Akaulaza ukurasa kwenye mwanga, kama nilivyomwonyesha, akasoma 1989 isiyokuwa na wino, akasoma na yake mwenyewe chini yake.

Kisha akafunua ukurasa unaofuata. Juu kabisa, kwa herufi nyeusi zilizonyooka, pameandikwa PLUTO: SAYARI YA TISA. Penseli ilikuwa bado mkononi mwake.