Yabai ni "hatari" yetu ya mtaani

Nilifika Osaka na Kijapani cha darasani, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Kuomba radhi nilijua kwa namna nne. Kufurahi sikujua. Siku nilipolipwa mshahara wa kwanza kwenye mgahawa nilikokuwa naosha vyombo, nilisimama wima nikatamka: "Watashi wa totemo ureshii desu," yaani mimi nimefurahi sana. Vijana wa jikoni walicheka hadi mmoja akaweka kisu chini. Kosa la sarufi halikuwepo. Ila nilisikika kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Wao walikuwa na neno moja mdomoni kutwa: yabai. Kamusi yangu ilisema ni jambo la hatari, mambo yameharibika. Mbona basi wanalisema wakionja mchuzi, wakiona picha ya kitoto cha paka, wakipewa siku ya mapumziko? Nilihangaika nalo wiki mbili. Usiku mmoja, ndani ya treni, nikasikiliza sauti aliyonitumia rafiki yangu wa Mbagala akimsifia mchezaji: "Yule winga ni hatari, mwanangu. Hatari!" Nikaangua kicheko peke yangu, na kwenye treni za Japani hilo halifanywi. Kumbe ndilo lilelile! Sisi hatari, noma na balaa tumezitoa kwenye ubaya tukazifanya sifa. Wao yabai wameipitisha njia hiyohiyo.

Tangu hapo kamusi nikaiweka kando, nikawa namtafutia kila neno ndugu yake wa mtaani kwetu. Tenshon agaru: hiyo tenshon wameichukua kwenye "tension" ya Kiingereza, lakini kwao haina wasiwasi ndani yake, ni mzuka. Tenshon ikipanda, mzuka umepanda. Wakuwaku ni moyo kudundadunda ukingojea jambo jema, na neno lenyewe linadunda mara mbili. Mecha, neno la hukohuko Kansai, eneo ilipo Osaka, ingawa siku hizi hata Tokyo wanalo, nikalipa kazi ya "kinoma". Mecha umai: tamu kinoma.

Tatizo ni kwamba hatari yetu huwezi kumwambia kila mtu, na yabai vilevile. Mama yake mwenye mgahawa, bibi wa makamo ya kuheshimiwa, alinipa bakuli la oden, mchuzi wenye vipande vya figili nyeupe. Nikaonja, nikasema "Yabai!" Bibi akalinyakua bakuli na kulinusa, akidhani kimechacha. Kwa wazee wengi neno hilo bado ni lile la zamani. Nilimwomba radhi kwa namna zote nne, nikasema "oishii desu", ni kitamu, kama nilivyofundishwa, akanirudishia bakuli na yai juu.

Yatta, kelele ya mtu aliyefanikiwa, nilidhani nimelijua mapema kwa kuwa ni rahisi: kitenzi yaru, kufanya, katika wakati uliopita. Lakini nilikuwa nalisema baada ya kulifikiria. Hadi tarehe 5 Novemba 2023. Hanshin Tigers, timu ya besiboli ambayo mgahawa mzima uliiabudu, haikuwa imetwaa ubingwa wa Japani tangu 1985. Msimu ule kocha wao, Okada, hakutaka hata kuutaja ubingwa wa ligi kwa jina, asije akautia nuksi. Aliuita "are", kile kitu. Kile kitu kilipatikana Septemba, na usiku ule ukaja ubingwa wa Japani wenyewe. Nilijikuta nimeruka kutoka kwenye sinki, mikono imejaa povu, nikipiga kelele "Yattaaa!" Hakuna aliyenicheka. Hakuna hata aliyenisikia.