Jina la Hoteli Iliyokuwa Mbali

Mwaka 2016, nikiwa katika chumba cha kungojea ndege, kwenye uwanja ambao sikuwahi kuupitia kabla ya siku hiyo, nilifungua kompyuta yangu ili nipitie ripoti niliyotakiwa kuiwasilisha kesho yake. Kabla sijagusa chochote, alama ya waifai pembeni mwa kioo ilikuwa imekwisha kujaa. Nilisogeza kishale juu yake, likatokea jina la hoteli niliyolala usiku mmoja tu, miaka miwili nyuma, katika nchi nyingine kabisa.

Nilidhani hoteli ile ilikuwa na tawi jirani, na wala sikulifikiria zaidi. Ukurasa ulifunguka wenyewe ukiniomba anwani yangu ya barua pepe pamoja na nywila yake ili niendelee, nami nikaanza kuandika. Nilikuwa nimemaliza anwani, kidole kikielekea kwenye nafasi ya nywila, nilipokumbuka kwamba hoteli ile ilikuwa imeniuliza namba ya chumba tu. Nikasita. Mwenzangu niliyesafiri naye, ambaye kazi yake ni kutunza mitandao ya kompyuta, aliinama akatazama kioo changu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zima waifai kwanza, halafu tuzungumze."

Alinieleza kwamba mtandao wa hoteli ile haukuwa na nywila, na kwamba mtandao wa namna hiyo kompyuta huutambua kwa jina lake tu, kwa hiyo yeyote mwenye kifaa kidogo cha kurusha mawimbi anaweza kukipa jina hilohilo, na kompyuta iliyoachiwa ruhusa ya kujiunga yenyewe itajiunga bila kuuliza. Nilitaka kujua mtu huyo angejuaje nililala wapi. Akasema kwamba kompyuta nyingi, hasa za zamani, huyataja hewani majina ya mitandao zinayoikumbuka, kama mgeni anayepita gizani akiwaita jamaa zake mmoja mmoja, na kifaa cha mwizi huitikia kila jina linaloitwa. Watafiti wa usalama wa kompyuta, Dino Dai Zovi na Shane Macaulay, walikuwa wameieleza hila hiyo tangu mwaka 2005. Niliumia kusikia hivyo, kwa kuwa muda wote huo nilikuwa nikibeba mashine hiyo kila mahali, nikiamini kwamba nisipobofya kitu hakuna kinachotokea.

Tulifungua pamoja orodha ya mitandao iliyohifadhiwa. Yalikuwamo majina 37: ya vituo vya mabasi, ya kumbi za mikutano, mengine nisiyoweza hata kuyahusisha na mahali popote. Tuliyafuta moja baada ya jingine. La nyumbani na la ofisini tuliyaacha, kwani mitandao hiyo ina nywila, na kifaa bandia kisichoijua nywila hiyo hakiwezi kukamilisha muungano hata kikijipa jina lake. Mwenzangu alinionyesha pia kile kisanduku kidogo cha kuruhusu kompyuta ijiunge yenyewe, ambacho kwa miaka yote nilikuwa nikikiacha na alama ya vema kwa sababu ndivyo nilivyokikuta.

Jina la hoteli nililifuta mwisho. Kisha nikawasha waifai, nikaikodolea macho alama ile hadi tulipoitwa kupanda ndege, nayo ikabaki tupu.