Riwaya ya fundi saa: kumbukumbu yangu, ukurasa wa 1 hadi wa 78

Wiki ya 1

Nimenunua kaunta buku mbili na kalamu tano za buluu. Sharti nimejiwekea moja tu: ukurasa mmoja kila siku ya kazi, uandikwe njiani. Nakaa Kigamboni, na stoo ninayoitunza iko mjini, kwa hiyo asubuhi na jioni nasubiri geti la pantoni lifunguliwe, kisha navuka kwa dakika chache. Wengi hununa kwenye foleni ile. Mimi nimeigeuza ofisi.

Hadithi yenyewe iko Kariakoo, mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Fundi saa ameachiwa saa ya mkononi aitengeneze, na mwenye saa anakamatwa kabla hajaifuata. Kukutwa na mali ya mtu yule ni hatari, lakini saa ya mteja haitupwi. Mwisho wake siujui bado.

Wiki ya 3

Kurasa 13. Zilitakiwa 15.

Jumatano jamaa mmoja alichungulia begani kwangu. "Unaandika nini, kaka?" Nikamjibu, "Hesabu za stoo." Uongo ulitoka wenyewe, hata sikuutafuta. Jioni sikuandika, na kesho yake pia sikuandika. Nimejiuliza kwa nini niliona aibu kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani. Nadhani ni kwa sababu mhasibu akikosea hesabu anabaki kuwa mhasibu, lakini mimi nikiandika ukurasa mbovu, mara moja najiona si mwandishi tena.

Wiki ya 7

Kurasa 27, ila sura ya kwanza nimeiandika upya mara nne. Huo ndio ugonjwa wangu: nikikwama mbele, narudi nyuma kupiga deki chumba ambacho tayari kinang'aa. Nimechukua vibanio vya nguo nikazibana kurasa zote za nyuma. Sifungui mpaka rasimu iishe.

Na nimepata dawa nyingine ambayo inanifaa kuliko zote. Jioni pantoni ikigusa ng'ambo, naacha sentensi katikati. Leo nimeishia "Fundi akaisogeza saa sikioni, akasikia". Asubuhi sianzi kitu kipya, namalizia tu kilichobaki, na mkono ukishaanza kwenda woga huwa umechelewa.

Nikiona uvivu nawakumbuka wazee. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na vitabu vyake aliviandika pamoja na kazi hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti, 1978. Mimi nina kaunta buku zenye mistari na upepo wa bahari bure. Sina pa kujitetea.

Wiki ya 11

Kurasa 41. Tulikuwa na kuhesabu mali stoo, siku nne bila neno.

Rafiki yangu wa siku nyingi nilimpa sura mbili nilizochapa stesheneri. Amejibu: "Iko poa." Afadhali angenitukana.

Wiki ya 14

Kurasa 54, baada ya kuchana mbili. Nieleze hizo mbili.

Jumapili nilikwenda Temeke kwa shangazi. Mwaka 1983 alikuwa msichana anayepanga foleni ya sukari na sabuni, kwa hiyo nilitaka kumuuliza habari za foleni tu. Akaona begi. "Hicho nini?" Safari hii sikusema hesabu. Akaniambia nimsomee, huku yeye anachambua mchele.

Nikasoma vizuri mpaka pale fundi anapopata habari za kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Nilikuwa nimemweka kwa jirani, anatazama televisheni. Shangazi akaacha ungo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Televisheni gani, mwanangu? Wenye televisheni walikuwa Zanzibar. Huku bara zimekuja 1994. Sisi tulisikia redioni."

Nikafunga daftari. Miezi mitatu ya kujiita mwandishi, na Dar es Salaam yangu haijui hata ilikuwa na nini sebuleni. Nilikuwa natafuta viatu vyangu pale aliposema, bado anachambua mchele:

"Sasa huyo fundi mjinga kweli. Saa kaificha kwenye debe la unga? Unga wenyewe wa kutafuta kwa tochi, mtu atalifunua debe siku ya kwanza. Angeiweka ukutani, na saa zake nyingine. Nani atajua?"

Tukabishana hadi adhuhuri. Alikuwa amemkasirikia fundi wangu kama anavyomkasirikia mjomba. Hakuniuliza hata mara moja kama ninajua kuandika, na mimi pia nilisahau kujiuliza.

Saa imehamia ukutani. Televisheni imechanwa, na redio imeingia mahali pake. Ukurasa wa redio ndio bora nilioandika mpaka sasa.

Wiki ya 19

Kurasa 78. Vibanio bado vimebana.

Leo jioni mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa ameniuliza naandika nini. Nikamwambia riwaya.

"Wanakulipa?"

"Bado."

"Basi nishikie ndoo nikae."

Nimeishika kwa mkono wa kushoto mpaka ng'ambo. Ukurasa wa 78 mwandiko wake umepinda wote, na unanuka dagaa.