Aliyeokota na Aliyegundua

Alhamisi, usiku

Nimerejea kutoka kwenye mhadhara wa tatu katika mfululizo wa mihadhara ya makumbusho kuhusu magunduzi mashuhuri ya akiolojia, na sitalala kabla sijaandika. Wa kwanza ulihusu kaburi la Tutankhamun, ambalo Howard Carter alilifikia Novemba 1922. Wa pili ulihusu fuvu la zamadamu ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai, Tanzania, mnamo Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amebaki kambini akiugua. Ile miwili niliisikiliza kwa raha. Wa leo, uliomhusu Mvulana wa Turkana, yaani mifupa ya kijana wa kale iliyopatikana hapa Kenya, umeniacha na kinyongo kidogo.

Mhadhiri alieleza vizuri, hilo sitamnyima. Ni Agosti 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Wenzake wakiwa mapumzikoni, Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni ambaye tangu mwaka 1960 alikuwa akitafuta visukuku pamoja na akina Leakey, aliamua kutembea ng'ambo ya mto, na huko, katikati ya changarawe nyeusi za volkano, akaona kipande cha mfupa wa paji la uso, cheusi vilevile, kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Mimi ningekikanyaga nikapita. Baada ya misimu kadhaa ya kuchimba na kuchekecha udongo, ilipatikana karibu mifupa yote ya kijana mmoja wa aina ya Homo erectus, zamadamu aliyetembea wima, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye kwa meno yake alikuwa bado mtoto, ilhali kimo chake kilikaribia sentimita 160.

Kilichonikera ni vitenzi. Kila mhadhiri alipomtaja Kamoya alisema "aliokota"; alipowataja Richard Leakey, mwana wa Louis na Mary, na mwenzake Alan Walker, wanasayansi walioongoza uchimbaji huo, alisema "waligundua". Sidhani alikusudia dharau, kwa kuwa ndivyo mambo yalivyoandikwa tangu mwanzo: makala iliyoutangazia ulimwengu mifupa hiyo katika jarida la Nature mwaka 1985 ina majina manne ya waandishi, na la Kamoya halimo. Ni kweli kwamba mwaka huohuo alikabidhiwa medali ya National Geographic na Rais Reagan, na kwamba kuna nyani wa kale aliyepewa jina lake. Hata hivyo, medali hutolewa mara moja, bali kitenzi hurudiwa katika kila darasa.

Wakati wa maswali mzee mmoja aliyeketi nyuma alisimama, akamwamkia mhadhiri kwa adabu, kisha akauliza: "Mwalimu, ikiwa yule bwana aliokota tu, mbona wengine waliopita pale hawakuokota?" Ukumbi ulicheka. Mhadhiri naye alitabasamu, akasema swali ni zuri, akarudi kwenye picha ya fuvu.

Nimekuwa nikilirudia swali lile njia nzima, ndani ya matatu. Kutambua kwamba jiwe moja kati ya maelfu si jiwe, tena ni fuvu la zamadamu wala si la swala, ni elimu iliyomchukua Kamoya zaidi ya miaka ishirini juani.

Jumamosi nitakwenda tena Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Mifupa nimeshaiona mara mbili. Safari hii nitasoma maandishi ya pembeni yake, nione ni kitenzi gani kimetumika.