Navyoediti picha zangu na kuzipiga wotamaki kabla ya kuzirusha zikosolewe

Mi sio mpiga picha wa kulipwa, niliseme hilo mapema. Nina kamera ya megapikseli 24, lenzi iliyokuja nayo na nyingine ya 50 mm, na kinachonipeleka mtandaoni ni kutafuta watu wanaojua kunizidi wanikosoe. Sasa hapo kuna mvutano: ukitaka mtu akukosoe vizuri lazima aione picha vizuri, na ikionekana vizuri kuna mwingine ataibeba. Wengi naona wanaegemea upande mmoja tu, huyu anarusha picha tupu na ukubwa wake wote, yule anapiga wotamaki, yaani jina lake juu ya picha, katikati kama bango la mkutano wa hadhara halafu analalamika mbona watu hawatoi maoni ya maana. Kwangu mimi siku hizi vyote viwili vinawezekana, maoni napata na picha hazipotei ovyo, na nitaeleza kwa kutumia picha moja ili tusizunguke sana.

Picha yenyewe ni mzee anatengeneza baiskeli mlangoni. Baiskeli kaipindua matairi juu, yeye kavaa shati jeupe, jua linampiga begani na nusu ya uso imezama kwenye kivuli cha mlango. Kwa macho ilikuwa safi sana ila kamera ikaona vingine, shati linawaka na uso ni giza. Ruhusa ya kumpiga nilimwomba, na ya kumrusha mtandaoni nikamwomba kivyake, maana wotamaki inakutetea wewe mwenye picha, yeye aliyemo ndani haimsaidii chochote.

Napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, pamoja na JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, kila siku. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 tu kutoka giza mpaka mwanga, wakati RAW za kamera nyingi ni biti 12 au 14, ambazo ni ngazi 4,096 au 16,384. Ukiziangalia hivihivi huoni tofauti, tofauti inakuja siku unataka kufufua kivuli. Kwenye JPEG ya yule mzee nilivyovuta slaida ya vivuli, ile ya kupandisha mwanga kwenye sehemu za giza, shavu likatoka mabakamabaka ya kijivu, kwenye RAW likatoka shavu la mtu, na makunyanzi yake na ndevu fupi zinazoanza kuota. Chenga, yaani vile vidoti vinavyotokea gizani, zilikuwepo lakini za kuvumilika. Shati ndo sehemu iliyoniumiza kichwa, kwa sababu pale begani mwanga ulikuwa umeshaungua kabisa, na kilichoungua hata RAW hairudishi, unapunguza mwanga unapata kijivu kitupu kisicho na uzi wa nguo. Nikaacha bega liwe jeupe, nikashusha tu yale maeneo yaliyobakiza maelezo kidogo karibu na kola.

Programu sitaki tubishane, mi natumia darktable kwa sababu ni ya bure, na GIMP nikitaka leya, yaani kupanga vitu tabaka juu ya tabaka. Kwenye simu Snapseed inafungua RAW za aina ya DNG na inatosha kabisa kwa kazi hii.

Halafu kuna hili ambalo kwangu ndo kubwa: kuediti picha ya kukosolewa sio sawa na kuediti picha ya kutundika ukutani. Ya ukutani unaficha, ya kukosolewa unaacha. Kama fokasi imekosa jicho ikaangukia sikio, acha ionekane, usiifunike na ukungu wa kutengeneza wala usiizungushie giza pembeni ili watu wasione, sababu hapo watakosoa ujanja wako wa kuediti na tatizo lenyewe litabaki palepale. Kwa hiyo nanyoosha mstari wa upeo au wa mlango, nakropu (nakata pembeni), naweka sawa waiti balansi ili nyeupe iwe nyeupe, mwanga, vivuli, napunguza chenga kidogo basi. Ngozi silainishi. Kuna watu wakishika slaida ya kulainisha ngozi mzee wa miaka sabini anatoka kama mtoto, jamani.

Angalizo la skrini: shusha mwanga wake kabla hujaanza. Ukiediti usiku chumba kina giza na skrini imewaka mpaka mwisho, picha itakuonekea angavu, utaishusha, asubuhi wenzako wanafungua wanaona giza tupu. Macho yanadanganya, histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza na mwanga wa picha ulivyogawanyika, haidanganyi, mi naiangalia hiyo kwanza kabla ya kuamini ninachokiona.

Baada ya hapo ndo napunguza ukubwa, na hapa watu wengi hawatilii maanani ingawa kinga kubwa iko hapa kuliko kwenye wotamaki. Picha yangu ikitoka kwenye kamera ni pikseli, yaani nukta za picha, 6000 kwa 4000. Ninayorusha upande mrefu ni 1600, ikiwa na 1067 upande mfupi. Kwa mtu anayekosoa kwenye skrini hiyo inamtosha, ataona fokasi, ataona chenga, ataona kila kitu. Lakini anayetaka kuichapisha kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi atapata picha ya inchi tano na kidogo, wakati ile halisi ingempa inchi 20. Hiyo ndogo haifai kwa bango wala kalenda. Nikishapunguza ndo nanoa, yaani naongeza ukali wa kingo, maana kupunguza ukubwa kunalainisha vitu vidogovidogo na ukinoa kabla unapoteza nguvu zako bure. Nasevu JPEG kwenye ubora wa 85 hivi, mara moja, kutoka kwenye RAW moja kwa moja. Kufungua JPEG, kuigusa, kusevu, kesho kuifungua tena kusevu tena kunakula picha taratibu, kila ukisevu inabanwa upya. Na rangi iwe sRGB, ule mfumo wa rangi wa tangu 1996 ambao karibu kila skrini na kila kivinjari kinauelewa, ukiiacha kwenye Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, kuna sehemu zitaonyesha rangi zimepauka na watu watakuambia mzee wako anaumwa.

Sasa wotamaki. Niliitengeneza kwenye GIMP kama PNG isiyo na rangi ya nyuma, jina langu tu, fonti nyembamba isiyo na mikia, moja nyeupe na moja nyeusi. Kwenye picha ya mzee nilijaribu kona ya chini kulia, pale kila mtu anapoweka. Tatizo la kona ni kwamba mtu anakropu kidogo tu imeondoka na picha haijapungukiwa na kitu. Nikapandisha juu ya shati, maandishi meupe yakapotea na meusi yakawa doa. Nikapeleka ukutani pembeni ya uso, hapo nikagundua jicho linatoka usoni linaenda kusoma jina, na hiyo ndo dhambi kubwa ya wotamaki kwenye picha ya kukosolewa, sababu anayekuja kukuambia kuhusu mpangilio anakuta mpangilio umeshavurugwa na herufi. Jicho la mtu likiona maandishi lazima lisome, halijizuii.

Mwisho nikaishusha chini kwenye kivuli cha gurudumu. Pale chini kuna vivuli vya spoksi vimelala kwenye udongo, nikalaza jina kufuata mshazari wa kivuli, rangi nikachukua ya udongo wenyewe nikaipandisha mwanga kidogo, opasiti (kiasi cha kutopenyesha kilicho nyuma) kama asilimia 35, urefu wa herufi asilimia mbili tu ya kimo cha picha. Ukiitafuta unaiona na unaisoma, usipoitafuta unaangalia mzee. Na mtu akitaka kuikropu itabidi akate na kivuli, akikata kivuli picha inabaki inaelea. Kipimo changu ni kuipunguza picha iwe ndogo kama stempu kwenye skrini, nikisoma jina kabla sijaona uso narudi kushusha opasiti.

Na kwa kila picha naiweka upya kwa mkono. Hii sio uvivu wa kutojua kuweka otomatiki, kuna sababu. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba wotamaki ileile ikirudiwa kwenye picha nyingi, kompyuta inazilinganisha, inaona kipi kinajirudia, inaikisia alama yenyewe ilivyo halafu inaifuta kwenye picha zote bila mtu kukaa kufuta moja moja. Walionyesha pia kwamba kuihamisha mahali au kubadilisha opasiti peke yake hakusaidii sana, kinachosaidia ni kuipinda kidogo kwa namna tofauti kila picha, maana ikifutwa inaacha makovu. Kwa hiyo mi naipinda, nyuzi mbili tatu hivi, au naivuta kona moja. Sijidanganyi kwamba haifutiki, programu za sasa zinafuta kitu chochote kwa kidole, ila wotamaki kwangu ni saini, sio kufuli. Inamwambia mtu muungwana picha ni ya nani, na asiye muungwana inamlazimisha afanye kazi inayoacha alama.

Metadata, yaani taarifa zilizojificha ndani ya faili la picha, napitia kabla ya kutuma. Picha za simu hasa zinabeba GPS, yaani mahali kamili uliposimama, na kama umepiga kwenu umeshawapa watu ramani ya kwenu. Hiyo nafuta. Jina langu na haki miliki naziacha kwenye sehemu zake za IPTC, zile za metadata zinazobeba taarifa hizo, ingawa mitandao mingi ikipokea picha inazikwangua zote, so usizitegemee peke yake.

Na kuna kitu kimoja ambacho kimenisaidia kuliko wotamaki: sirushi fremu nzima hata siku moja. Hata kama picha imekaa vizuri ilivyo, nakata ukanda mwembamba kila upande. Kwenye ya mzee nilikata bawaba ya mlango kushoto na kopo la oili kulia. Hizo pikseli hakuna mtu mwingine duniani anazo.

Hizo pikseli zilikuja kufanya kazi. Huwa naingiza picha zangu kwenye TinEye, tovuti ya kutafuta picha yako imetumika wapi, na kwenye utafutaji wa picha wa Google mara mojamoja, siku hiyo nikakuta mzee wangu anatangaza biashara ya mtu, kakropiwa juu, jina limefutwa. Aliyefuta alifuta haraka, vivuli vya spoksi vikawa vimekatika katikati halafu vinaendelea mbele vikiwa vimepishana, ukishaviona huwezi kuacha kuviona. Sikumtukana mtu. Niliwaandikia kwa adabu, nikawawekea kipande chenye bawaba na kopo la oili, nikawaambia RAW ninayo na kwamba kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki miliki wa 1886 ambao sasa una nchi zaidi ya 180, haki inaanza pale picha inapopigwa, haihitaji kusajiliwa popote, na alama ya C ndani ya duara kutokuwepo sio ruhusa. Wakajaribu kuniambia waliipata mtandaoni. Nikajibu ndio, mi ndo niliyeiweka. Ikaondolewa kesho yake.

Nirudi kwenye maoni yenyewe, maana ndo tulikuja kwa ajili hiyo. Maelezo ya picha nayaandika kwa swali moja. Ukiandika tu "semeni chochote wakuu" unaambiwa safi sana, moto, endelea hivohivo, na hujajifunza kitu. Kwa mzee niliandika mipangilio ya kamera, lenzi 50 mm, f/2.8, ISO 400, nikauliza: shati linaiba jicho au haliibi? Basi. Majibu yakaja ya maana, mmoja akasema haliibi ila mlango wa nyuma ndo unaiba, kitu ambacho sikukiwaza kabisa, mwingine akaniambia kaka ungesogea hatua moja kushoto bega lingeingia kivulini na usingehangaika na slaida. Hiyo ya pili inaniuma mpaka leo kwa sababu ni kweli tupu. Kuhusu jina hakuna aliyegusia, hapo ndo nikajua limekaa mahali pake.

Kuna wanaoomba waediti wenyewe wakuonyeshe. Nawaruhusu, kwa sharti waifanyie ileile niliyorusha na wairudishe palepale, RAW simpi mtu. Dada mmoja alishusha rangi ya joto, shati likatoka na ubluu fulani, akasema ndo jeupe la kweli. Mi nikamwambia lile shati nililiona kwa macho, lilikuwa limefuliwa mpaka likaingia unjano. Hajakubali, na toleo lake limepata sifa kuliko langu.